Wali Ukinyamaza

"Usifunue!"

Mkono wa mkamwana uliganda juu ya kifuniko, kitambaa kikining'inia vidoleni.

"Sasa mama, nitajuaje kama maji yamekauka?"

"Kwani sufuria ni bubu? Tega sikio."

Wakainama wote wawili juu ya jiko kama watu wanaosikiliza ugomvi wa majirani. Ndani ya sufuria maji yalikuwa yakibubujika kwa sauti nzito. Kidogo kidogo sauti ikakonda. Ikawa mvumo, ikawa mnong'ono, ikawa kama mtu anayevuta pumzi katikati ya meno. Halafu kimya.

"Sasa," alisema Mama Mpishi. "Moto chini kabisa, hesabu mpaka mia tatu, ndipo ufunue. Wali ukifunuliwa ovyo unabaki na kiini. Kitendawili!"

"Tega."

"Akiwa na kiu anaimba, akishiba ananyamaza."

"Mlevi?"

"Mlevi akishiba ndiyo kwanza anaanza nyimbo! Nipe mji."

"Haya, chukua mji wa wakwe zangu."

"Mji wa wakwe zako si ndio wangu? Unanilipa kwa mali yangu mwenyewe, mjanja wee! Ni wali, mwanangu. Wali ukinyamaza, umeshiba."

Mkamwana akacheka, akafuta mikono, akafungua daftari lake lenye jalada la maua, akaandika.

Mtaa mzima ulimwita Mama Mpishi. Miaka thelathini na moja alipika katika jiko la shule ya bweni, kwenye masufuria ambayo mtu angeweza kuogea ndani yake. Alipostaafu akaja kukaa kwa mwanawe, fundi seremala, ambaye mke wake alikuwa karani katika ofisi ya bima. Mkamwana huyo alilelewa na baba na kaka wanne, mama hakumjua. Aliingia nyumba ya ndoa akijua kupika chai tu, na hiyo chai yenyewe siku nyingine ilimshinda. Kwa hiyo alimpokea mama mkwe wake kama mtu aliyekabidhiwa funguo za ghala.

Na ghala lilijaa kweli. Kila kopo na kijiko chake, kisihame: cha chumvi kifupi, cha sukari kirefu, cha majani ya chai kimekatika mpini. Vitu vya kila siku vikae usawa wa kifua, vya mara moja moja juu, vizito chini. Kisu kilale kulia kwa ubao, mpini ukikutazama, hata nyumba ikiwaka moto. Kopo la chumvi livishwe mpira mmoja wa kufungia, la sukari mipira miwili. "Ili lisiteleze mkono ukiwa na mafuta," alieleza. Maji ya wali yapimwe kwa kidole: ncha iguse mchele, maji yafike pingili ya kwanza. Mafuta yachomekwe mpini wa mwiko. Ukianza kulia chiriri, tia kitunguu. Na sokoni usifuate rangi. Nyanya ipime uzito kiganjani, nanasi linuse kitako, yai litikise karibu na sikio. Likicheza ndani, mrudishie mwenyewe na umsalimie.

"Rangi ni mwongo," alipenda kusema. "Muuzaji anaweza kuisugua nyanya kwenye shati lake ikang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Uzito utausugulia wapi?"

Ofisini mkamwana akawa mtu wa watu. Saa ya chai wenzake walimzunguka na kuuliza, leo mama amesema nini? Naye alifungua daftari, akasoma, wakanakili.

Hapa naomba unisogelee kidogo, kwa sababu jambo lenyewe si la kupaziwa sauti. Maarifa yale hayakutoka kwenye lile jiko la shule. Kule Mama Mpishi alitazama tu chungu kama watu wote. Haya aliyapata mwaka huu na uliopita, moja moja, kwa kuungua na kujikata. Mama Mpishi alikuwa anapofuka.

Kulianza pembeni, kama moshi unaopenya chini ya mlango. Alijigonga kwenye fremu, akamsingizia fundi: "Mwanangu, milango yako unaipunja." Moshi ukasonga katikati. Mwishowe likabaki tundu dogo kama la ufunguo, na hilo nalo lilikuwa kama mtu amesimama upande wa pili akiziba nuru. Miezi minane iliyopita aliaga kwamba anakwenda kumwona rafiki, akaenda peke yake kliniki ya macho. Daktari, kijana mwenye sauti ya upole, alimwambia ni presha ya macho. Dawa ya matone ingezuia kidogo, lakini kilichokwenda hakirudi.

"Una mtu nyumbani, mama?"

"Ninao," alijibu. "Ndiyo shida yenyewe."

Kwa maana alikuwa amemwona dada yake. Macho ya dada yalipozimika, wanawe walimpenda mno. Wakamnyang'anya kisu, wakamnyang'anya ungo, wakamwambia, "Pumzika, mama." Akapumzika miaka tisa. Mwisho alikuwa akiwauliza wapita njia kama ni asubuhi au jioni, nao hawakuwa na haraka ya kumjibu.

Basi Mama Mpishi aliificha chupa ya matone ndani ya foronya, akajifunza jiko upya kwa vidole, kama mtoto wa darasa la kwanza anavyojifunza herufi. Mwenye jiko ana kazi, alijiambia, na mwenye kazi huulizwa neno. Siku atakayopokonywa mwiko atabaki mdomo wa kulishwa.

Jumamosi moja asubuhi mkamwana alimtuma kwa jirani msusi.

"Nenda ukasukwe upendeze, mama. Leo wenzangu watatu wa ofisini wanakuja. Wamesema wamechoka kusikia, wanataka kukuona ukipika."

"Kuniona mimi? Kwani nimekuwa tembo?"

Akasukwa, akapakwa mafuta ya nywele yenye harufu kali ya maua, akarudi huku kiganja kikifuata ukuta. Mlangoni akasita. Kulikuwa na harufu ngeni iliyokuwa imekalia harufu nyingine zote: vanishi.

"Fumba macho, mama!" Mkamwana alimshika mkono, sauti ikiruka kwa furaha.

Akafumba.

"Njoo, njoo, polepole. Haya, fumbua!"

Akafumbua. Tofauti ilikuwa ndogo.

"Rafu mpya! Mwanao ameitengeneza wiki nzima karakana, tumekuficha. Na yale makopo ya kutu tumeyatupa yote, gari la taka limepita saa hizi hizi. Nimenunua chupa ishirini na nne, mama, umbo moja, kifuniko kimoja. Kila kitu nimekimimina humo, hata sabuni ya unga, ili zifanane. Nimeandika kwa herufi kubwa. Na vile vijiko nimevikusanya kwenye droo. Si wewe uliyesema kila kitu na mahali pake?"

Mama Mpishi akanyoosha mkono. Chupa. Chupa. Chupa. Zote baridi, zote laini, kama uso wa mtu asiyekufahamu.

"Zimependeza," alisema. "Mungu akuzidishie, mwanangu."

Na hakuwa akidanganya kabisa. Katika maisha yake yote ya kupika, nani aliwahi kumtengenezea rafu?

Hakupata nafasi ya kuzifungua moja moja na kuzizoea, kwa sababu wageni walibisha hodi wakati huo huo. Mmoja alikuwa na sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Wa pili alikuwa wa kuchekacheka. Wa tatu hakusema sana; kalamu yake tu ndiyo iliyosikika ikikwaruza.

"Mama, tumekuja darasani!" alisema mwenye sauti.

"Karibuni. Ada ni kuosha vyombo."

Wakacheka. Mama Mpishi akasimama mbele ya jiko, na akili yake, ambayo haikuwahi kupofuka, ikampa njia.

"Sasa, darasa gani mwalimu anafanya hesabu, wanafunzi wanatazama? Wewe mwenye sauti, nipe mafuta. Tia. Mpaka niseme basi. Basi! Wewe uliyefurahi, kitunguu hicho. Kinalia, hakilii?"

"Kinalia, mama!"

"Mwache alie, wewe usilie naye. Nyanya nani? Haya, kuku tumbukiza mmoja mmoja, msimtupe kama mnamkomoa, amekwisha kufa huyu."

Mambo yakaenda. Mikono ya wageni ikawa macho yake, wao wakadhani ndiyo namna yake ya kufundisha. Kuku akaanza kuiva, jiko likajaa vicheko, na kwa nusu saa nzima Mama Mpishi akawa tena yule mwanamke wa mwiko mrefu, ambaye watoto mia sita walimsubiri kwa sahani. Kitu hicho kilimlevya. Mtoto wa mkamwana, wa miaka miwili, alilia chumbani, mama yake akaenda kumchukua.

"Chumvi kiasi gani, mama? Nikutilie?" aliuliza mwenye sauti.

Angesema "nitilie" tu, yangekwisha salama. Lakini sifa nazo zina pombe yake.

"Ah, ah! Mafuta nimekuachieni, nyanya nimekuachieni. Chumvi ni ya mwenye jiko."

Akanyoosha mkono usawa wa kifua, ya tatu kutoka kushoto, pale ambapo kopo lenye mpira mmoja lilikaa siku zote. Akafungua kifuniko. Siku nyingine angesugua kidogo kati ya vidole, angenusa. Lakini watu walikuwa wakimtazama, na pua yake ilikuwa imejaa vanishi na maua ya kichwani mwake. Akainamisha chupa, akatikisa mara tatu kwa mbwembwe.

Mchuzi ukabadilisha sauti. Aliusikia kabla yao: ule mchemko mnene ukawa kitu chepesi, chenye kufoka, kama mtu anayecheka kwa kujizuia.

"He, mama! Na hilo povu ni siri gani tena?" aliuliza wa kuchekacheka.

"Andika, andika," mwenye sauti alimwambia wa kalamu. "Mchuzi utoe povu."

Kalamu ikaandika. Povu likapanda, likamwagika ukingoni, likazima moto upande mmoja. Hapo harufu ikamfikia kila mtu.

Mkamwana alikuwa amerudi, mtoto kiunoni.

"Mama. Umetia nini?"

"Chumvi."

"Mama, chupa imeandikwa SABUNI. Hata hapa mlangoni naisoma."

"Sikuvaa miwani."

"Wewe huna miwani, mama."

Kisha upepo mdogo ukapita mbele ya uso wa Mama Mpishi, ukapita tena. Ulikuwa ni mkono wa mkamwana. Hakupepesa. Alijua kwamba alipaswa kupepesa, lakini alikumbuka akiwa amechelewa.

Wageni waliondoka kwa adabu kubwa, na adabu ile ilimuumiza kuliko kama wangemcheka. Mwenye sauti alinong'ona. Ndipo Mama Mpishi alipojua kwamba mambo yamekwisha, mtu wa sauti ile akinong'ona.

Mkamwana alizima jiko. Alimwaga sufuria, akaiosha, akaifunika. Halafu akaketi mkabala na mama mkwe wake, karatasi za daftari zikisikika zikifunuliwa.

"Ile mipira kwenye makopo?"

"Ya kunijulisha chumvi."

"Kusikiliza wali?"

"Ungefanya nini wewe?"

"Nanasi, nyanya... yote haya?"

"Lakini ni kweli," alisema Mama Mpishi kwa haraka. "Si uongo, mwanangu. Yote uliyoyaandika humo ni kweli. Wali wako sasa hivi ni mzuri kuliko wangu."

Mkamwana alifunga daftari. Alipozungumza tena, hasira haikuwamo katika sauti yake, na afadhali ingekuwamo.

"Na mtoto? Ninapokwenda kazini, wewe unapitisha maji ya moto, na mtoto anacheza chini ya miguu yako. Ulikuwa unamwona?"

Yako mafumbo ambayo mtu hawezi kuyajibu hata apewe miji yote ya dunia. Mama Mpishi alikumbuka asubuhi nyingi, birika mkononi, akiita jina la mtoto kwanza na kungoja ajibu upande gani. Mara nyingi alijibu. Si mara zote.

"Nilikuwa namsikia," alisema.

Mkamwana akaanza kulia.

Jioni fundi seremala aliporudi hakugomba. Alipiga magoti mbele ya mama yake, mikono yake ikinuka mbao, akamshika magoti na kusema neno lile lile, kwa upole ule ule.

"Pumzika, mama."

Siku iliyofuata mlango wa jiko ulikuwa umefungwa. Moshi, walimwambia, moshi si mzuri kwa macho. Alikaa kwenye meza ya kulia, upande wa pili wa ukuta, akasikiliza jiko lake likipikiwa na mtu mwingine.

"Mafuta bado!" alipaza sauti. "Kitunguu kimenyamaza, hukusikia?"

"Ee, mama, asante."

Kesho yake alisema tena, akajibiwa tena. Siku ya nne alipopaza sauti, redio ilikuwa imefunguliwa. Daftari halikwenda tena ofisini. Alijua, kwa sababu mkamwana sasa aliondoka bila kuuliza chochote, akirudi akisalimia kwa heshima tele: umekula, mama? Umetia matone? Umelala? Maswali ya kuulizwa mgonjwa. Mama Mpishi aliyajibu. Usiku na mchana vilianza kufanana, akajikuta akingoja adhana ya mbali au kengele ya shule ili ajue siku imefika wapi.

"Nipe kazi," alimwambia mkamwana mwishoni mwa mwezi. "Hata kukausha vijiko. Mikono hii itaoza."

Mkamwana akafikiri. Kesho yake, kabla ya kwenda ofisini, akamwekea mezani sinia la maharage na bakuli. "Tuchambulie, mama. Yana mawe."

Alichambua asubuhi nzima. Alipitisha kila harage kati ya vidole, lililobunguliwa huku, gumu huku, mawe bakulini. Alimaliza akiwa na jasho na furaha iliyomshangaza. Jioni akasikia nyuma ya mlango wa jiko, chini ya redio: maharage yakimwagwa tena kwenye sinia, na vidole vikiyapitia, kwaru, kwaru, moja baada ya jingine.

"Kama sifai, si useme?" aliuliza wakati wa chakula. "Mbona unachambua nilichochambua?"

"Mimi? Hapana, mama! Nilikuwa nayaosha tu."

Fundi alijikohoza.

Siku tatu zilizofuata maharage yalikuja safi, yametoka kwenye mfuko wa dukani. Aliyapitia yote, hata kijiwe hakuna, hata mchanga hakuna. Vidole vilizunguka sinia kama mtu anayetafuta kitu chumbani asichokijua.

"Haya hayana hata jiwe moja," alisema siku ya tatu. "Kwani mimi nachambua nini?"

Mkamwana aliondoa sinia.

Asubuhi ya siku ya nne, ambayo ilikuwa Jumamosi na wote walikuwa nyumbani, sinia likaletwa. Mama Mpishi akatia mkono, na hapo hapo kidole chake kikagusa kitu kigumu. Akakitoa, akakidondosha bakulini: ti! Kikaja kingine. Na kingine.

Cha nne hakukidondosha mara moja. Alikigeuza kati ya kidole gumba na cha shahada. Miaka thelathini na moja alichambua maharage ya magunia. Mawe yake aliyafahamu kama anavyofahamu meno yake. Ni madogo, mviringo, yamevaa vumbi la shamba. Hili lilikuwa na pembe. Lilikuwa kokoto, ile ya kuchanganyia zege, iliyomwagwa uani fundi alipokuwa akitengeneza ngazi. Na lilikuwa na majimaji. Mtu alikuwa ameliosha vizuri kwanza, kwa sababu linakwenda kwenye chakula.

Akatafuta jingine. Pembe. Jingine. Pembe. Saizi moja, yamechaguliwa.

"Leo yamo, mama?" Sauti ya mkamwana ilitoka jikoni, nyepesi mno, kama ya mtu anayengoja majibu ya mtihani. Redio haikuwa imefunguliwa.

Mama Mpishi aligeuza uso upande wa sauti ile.

"Yamo," alisema. "Yamo tele. Wauzaji wa siku hizi hawana haya."

"Bora wewe upo. Tungevunjika meno humu ndani."

"Mngevunjika."

Akasikia pumzi ndefu ikishushwa jikoni, halafu kisu kikianza kukata juu ya ubao. Akainamia sinia. Akayatoa yote, moja moja, bila haraka, kila moja likilia bakulini ili lisikike mpaka ng'ambo ya ukuta: ti, ti, ti. La mwisho hakulidondosha. Alilifumba kiganjani likiwa bado na unyevu, akalishika hivyo mpaka likakauka.